Mshale Umelala, na Kilomita Nazo Zimelala

Panda siti ya mbele kwenye pikapu yoyote ya zamani inayoshusha mzigo sokoni Mbuyuni, kisha tazama dashibodi. Kuna uwezekano mkubwa utakuta mshale wa spidi umelala kwenye sifuri, gari linatembea, na dereva wala hana habari. Ukimuuliza atakwambia spidi anaijua kwa sikio: injini ikiunguruma hivi ni hamsini, ikianza kulia vile ni themanini. Na mara nyingi hakosei, sibishani naye. Mshale ataukumbuka siku trafiki atakapochomoza kivulini na tochi yake karibu na kibao cha 50, aonyeshwe kwamba alikuwa 58, aandikiwe sh 30,000. Akishalipa anasahau tena.

Tochi haikunisumbua mimi. Kilichonilaza chini ya gari Jumamosi nzima, majirani wakipita na kuuliza "Mwalimu, na ufundi umeanza lini?", ni mkanda wa taimingi, ule unaofanya valvu na pistoni za injini ziende kwa mpango mmoja.

Pikapu yenyewe ni Hilux ya dizeli, injini 3L (hilo ni jina la injini, si lita tatu), aliyotuachia mzee. Enzi zake ilikuwa ikishuka tambarare kuchukua majani ya ng'ombe na kupanda nayo Kibosho. Siku hizi inakaa kwangu hapa Moshi mjini na kazi yake kubwa ni kumpelekea mama pumba na kurudi na mikungu ya ndizi. Niliipeleka gereji kwa sababu rejeta ilikuwa inavuja. Fundi, akiwa bado ameinamia injini, akauliza bila hata kunitazama: "Mwalimu, mkanda huu wa taimingi ulibadilishwa lini?"

Sikuwa na jibu. Mama naye hakuwa nalo. Nikampigia kaka aliyeko Dar, akasema kwa kujiamini kabisa: "Si taa itawaka?"

Taa anayoisema ipo. Kwenye dashibodi za Toyota nyingi za dizeli za miaka ile kuna taa imeandikwa T-BELT, na huwaka gari linapotimiza kilomita 100,000, kukukumbusha kwamba mkanda umefika mwisho wake. Lakini taa hiyo haina akili yake yenyewe. Inasubiri namba za kilomita zigeuke, na namba hizo zinazungushwa na waya uleule unaoupandisha mshale wa spidi. Waya ukikatika leo, namba zinagota hapohapo, taa haiwaki hata ungoje hadi Kiyama, na mkanda unaendelea kuchakaa kimyakimya. Siku utakapokatika, kwenye injini ya aina hii pistoni zinagonga valvu, na hapo hamzungumzii tena mkanda, mnazungumzia silinda hedi, kichwa kizima cha injini kinachobeba valvu hizo.

Ndiyo maana huwa nashangaa watu wanavyosema "ni mshale tu". Mshale ndio unaoonekana. Kinachopotea hasa ni hesabu. Utabadilisha oili kila kilomita 5,000 kwa kutumia namba ipi? Utajuaje kama gari limeanza kula mafuta kupita kawaida? Mzee alikuwa anakadiria oili kwa rangi na harufu, anachovya kidole, anasugua, anatikisa kichwa au anaridhika. Mimi sina kidole cha namna hiyo.

Mkanda tuliubadilisha siku ileile, bila kujua kama uliotoka ulikuwa umetembea elfu kumi au laki na nusu. Fundi akataka aendelee na waya wa spidi. Nikamwambia huo niachie. Nafundisha fizikia sekondari. Kuna mambo mengi kwenye gari sithubutu kuyagusa, lakini kifaa hiki nilikuwa nakitamani muda mrefu.

Spidomita ya namna hii haitumii umeme wa gari hata kidogo, ukiacha balbu ya kuimulika usiku. Kule chini, nyuma ya gia boksi (kwa gari la fowili kama hili, kwenye transfa, boksi linalogawa nguvu kwa matairi ya mbele na ya nyuma) kuna gia ndogo inayozungushwa na shafti ya kwenda matairi ya nyuma. Gia hiyo inazungusha waya wa chuma uliosokotwa, unaokaa ndani ya ganda lake, na waya unapanda hadi nyuma ya dashibodi. Huko juu unazungusha sumaku. Sumaku imekaribiana na kikombe chepesi cha aluminiamu, ila havigusani. Sasa, aluminiamu haivutwi na sumaku, hilo wanafunzi wangu wa kidato cha kwanza wanalijua. Lakini sumaku inapozunguka karibu nayo, inaamsha ndani yake mikondo midogo ya umeme, na mikondo hiyo ina usumaku wake unaokifanya kikombe kitake kuifuata sumaku. Kingekuwa huru kingezunguka nayo moja kwa moja. Kinachokizuia ni springi nyembamba sana. Kwa hiyo kinageuka kiasi, springi inakishika, kinatulia, na mshale umepachikwa kwenye kijiti chake. Waya ukizunguka kasi zaidi, kikombe kinageuka zaidi.

Aliyeandikisha hataza ya ubunifu huu ni Otto Schulze wa Strasbourg, mwaka 1902, wakati mji huo ukiwa chini ya Ujerumani. Zaidi ya miaka themanini baadaye Toyota walikuwa bado wanaufunga kwenye Hilux, na sioni cha kuwalaumu.

Namba za kilomita zinaendeshwa na gia ndogondogo kutoka kwenye shafti hiyohiyo ya sumaku. Kwenye magari ya Kijapani kipimo kilichozoeleka ni waya kuzunguka mara 637 kwa kila kilomita moja. Maana yake ukiwa kwenye 60 kwa saa, ambayo ni kilomita moja kwa dakika, waya unazunguka mara 637 kwa dakika. Ishike hiyo namba.

Ukishauelewa mpangilio huu unaweza kumpima mgonjwa kabla ya kumpasua. Namba zinahesabu lakini mshale hauinuki? Waya ni mzima, usinunue mwingine. Ugonjwa uko ndani ya spidomita. Mshale unapanda lakini namba hazisogei? Vilevile waya hauna kosa, angalia gia za ndani ya spidomita, ambazo mara nyingi ni za plastiki na meno yake hukatika. Vyote viwili vimekufa kwa pamoja ndipo unaushuku waya, au gia ya kule chini. Na mshale unaorukaruka ukiwa mwendo mdogo, pengine na mlio wa kukwaruza nyuma ya dashibodi asubuhi kukiwa na baridi, huo ni waya unaoomba msaada: umekauka, au umekunjwa mahali. Ukiuwahi unaweza kuupaka grisi ukaendelea nao.

(Kama una IST au gari lolote la kizazi hicho, lako halina waya huu. Lina sensa ya umeme, na maelezo yangu hayatakufaa.)

Kwetu vyote viwili vilikuwa vimekufa. Nikaegesha pikapu uani mahali tambarare, gia huru, mawe makubwa mbele na nyuma ya matairi ya mbele, kisha nikapiga jeki tairi moja la nyuma na kuweka stendi chini ya ekseli. Hendibreki lazima uilegeze ili tairi lizunguke, kwa hiyo mawe hayo si ya mapambo. Na tairi unalizungusha kwa mkono. Usije ukawasha injini ukiwa chini huko.

Juu, nilichomoa kwanza waya wa hasi wa betri, maana nyuma ya dashibodi kuna nyaya nyingi na mkono wako hauoni unapopita. Skrubu za fremu, skrubu za spidomita yenyewe, unaivuta taratibu kuja kwako hadi upate nafasi ya vidole viwili. Waya wa spidi umeshikwa na kibano cha plastiki. Unakibonyeza huku unavuta. Kibonyeze kweli. Plastiki ya miaka thelathini ukiivuta kwa hasira inabaki mkononi.

Mtoto wa kaka, aliyekuja likizo, nikamkalisha kwenye usukani ashike mwisho wa waya na kuutazama. Nikazungusha tairi.

"Vipi?"

"Shangazi, hakisogei kitu."

Nikafungua nati ya waya kule chini kwenye transfa, nikachomoa, nikazungusha tairi tena huku nikimulika tundu kwa simu. Gia ya ndani ilikuwa inazunguka vizuri kabisa. Basi aliyekufa ni waya, na hapo nikawa na uhakika bila kutoa hela.

Watu wengi wakifika hapa wanakwenda dukani. Mimi nasema kaa kwanza na maiti. Waya wa spidi ni chuma kilichosokotwa, hauna sababu ya kukatika wenyewe, na usipomjua aliyeuua atauua na ule mpya. Niliushika kwa plaizi upande wa juu nikauvuta kutoka kwenye ganda. Kikatoka kipande kifupi, kama urefu wa mkono hadi kiwiko, na mwisho wake ulikuwa umefumuka: nyuzi nyembamba zimetawanyika huku na huku, baadhi zimeng'aa kwa kusuguana zenyewe kwa zenyewe. Grisi iliyokuwemo ilikuwa imekauka na kunata kama masizi kwenye tako la chungu. Kipande kilichobaki kilitokea chini, na mwisho wake wa pembe nne, ule unaoingia kwenye gia, ulikuwa bado mzima na kona zake zote kali.

Nikalipima ganda kwa kulilinganisha na kipande kile. Mahali ulipokatikia palikuwa palepale ganda linapopenya bati kutoka chumba cha injini kuingia ndani. Aliyefunga redio enzi hizo aliusukuma pembeni ili apitishe nyaya zake, akauacha umekunjwa kona kali, na waya ukawa unazunguka ukiwa umejipinda kila siku ya Mungu. Ongeza ukavu. Kesi imekwisha. Waya wa namna hii usiupitishe kwenye kona ndogo kuliko sentimita 15 kutoka katikati ya mzunguko wake hadi ukingoni. Ukiona kona imebana kuliko hapo, tafuta njia nyingine hata kama ni ndefu.

Lakini washukiwa wengine nao niliwahoji, maana mara nyingi wanakuwa wawili. Kichwa cha spidomita kikiwa kigumu kuzunguka kinaukaba waya kutoka juu hadi ukatike. Kukijaribu ni rahisi: chukua kipande cha waya wa zamani chenye mwisho wa pembe nne wa juu, kitumbukize nyuma ya spidomita, kizungushe kwa vidole. Lazima kiende laini, bila kukwama, na mshale utetemeke kidogo. Mwenye drili ya betri anaweza kwenda mbali zaidi. Bana kipande hicho kwenye drili, iendeshe kwa spidi yake ya chini, halafu piga hesabu: kama drili inazunguka mara 400 kwa dakika, 400 gawanya kwa 637 zidisha kwa 60, mshale unapaswa kusimama karibu na 38. Ukiona mshale unajikandamiza kwenye kizuizi cha sifuri, drili inazunguka kinyume, igeuze. Mtoto wa kaka alilifurahia jaribio hili kuliko yote, nami nililirudia bila sababu ya maana.

Mshukiwa wa mwisho ni oili. Kwenye ile gia ndogo ya chini kuna oilsili na mpira wa duara, vya kuzuia oili isivuje. Vikichoka, oili ya transfa inaingia kwenye ganda, na kwa kuwa waya umesokotwa, unapozunguka unaweza kuipandisha oili kidogokidogo hadi dashibodini. Ukikuta ganda limelowa oili nyepesi, au kioo cha spidomita kina ukungu wa mafuta kwa ndani, badilisha sili kwanza. Letu lilikuwa kavu, kavu mno.

Dukani nilikwenda na waya wa zamani umezungushwa kwenye mfuko wa rambo. Hilo ni jambo moja ninalolisisitiza, kwa sababu "waya wa Hilux" hautoshi kumwambia muuzaji. Akaleta wa kwanza, mfupi kwa shibiri nzima. Wa pili urefu sawa, lakini juu una nati badala ya kibano.

"Dada, zote hizi ni za Hilux."

"Naamini, kaka. Lakini si Hilux yangu."

Akaingia ndani tena, akakaa huko kitambo, akatoka na wa tatu umejaa vumbi. Urefu sawa, ncha sawa, nyuzi za nati sawa. Alianza na sh 45,000, tukaishia 30,000 na kichupa cha grisi juu. Waya mrefu kuliko unaotakiwa nao usiuchukue ukidhani ziada haina ubaya. Ziada hiyo utaikunja mahali, na tumeshaona kona inavyofanya. Wa mtumba sikuutaka. Huwa umelala kwenye gunia umekunjwa na spea nyingine, na huwezi kuujua hadi uuchomoe wote nje ya ganda na kuuzungusha juu ya meza: ukiruka mahali, una kona ndani yake.

Ganda la zamani, kabla ya kulichomoa, nilikuwa nimelifunga kamba ya katani upande wa ndani ya gari. Nilipolivuta kutokea chumba cha injini, kamba ikafuata na kubaki kwenye tundu. Nikaifunga kwenye waya mpya, mtoto akaivuta kutoka ndani, na waya ukaingia bila mimi kujikuna vidole kutafuta tundu gizani. Nyaya za redio nilizisogeza upande wa pili na kuzibana huko.

Grisi: nyepesi, kiasi kidogo tu, na nusu ya chini pamoja na sehemu ya katikati pekee. Sehemu ya juu, kama shibiri moja, iache kavu. Waya unapozunguka unaisukuma grisi kupanda, na ikiingia kwenye kile kikombe cha aluminiamu, mshale utanata na utakuwa umetengeneza ugonjwa mpya kwa mkono wako. Chini, tumbukiza pembe nne kwenye gia, kisha anza nati kwa vidole. Ikikataa kushika usiilazimishe kwa plaizi. Zungusha tairi kidogo hadi pembe nne idondoke mahali pake, nati itaingia yenyewe. Hakikisha ganda liko mbali na eksosi na haligusi shafti inayozunguka. Juu, kibano kikiingia kinasema "ka". Kisipolia, hakijaingia.

Nikazungusha tairi mara ya mwisho. "Shangazi, umetikisika!"

Barabarani niliijaribu kwenye njia ya Himo. Unaweza kutumia saa tu: kwa mwendo wa 50, kilomita moja inakwenda kwa sekunde 72, kwa 60, sekunde 60. Kuna nguzo za kilomita pembeni ya barabara kuu, mtoto akashika saa. Kisha tukalinganisha na simu. Mshale ulipokuwa 50, simu ilisema 53.

Hilo halikutokana na waya. Spidomita hupangwa kiwandani isome juu kidogo ya mwendo halisi, isisome chini. Yetu inasoma chini kwa sababu mzee alifunga matairi makubwa kuliko yaliyokuja na gari, ili yapite kwenye mabonde ya mashambani. Tairi kubwa linakwenda mbali zaidi kwa kila mzunguko, na gia ya chini haijui hilo. Kwa hiyo kwenye kibao cha 50 mimi naendesha 45, na kilomita nazijua kuwa ni zaidi kidogo ya zinazoandikwa.

Siku waya ulipofungwa namba zilikuwa 163,418. Nimezibandika kwenye dashibodi kwa karatasi, na chini yake 263,418, mwisho wa mkanda mpya. Nimefanya hivyo kwa sababu taa ya T-BELT yenyewe itawaka zikifika 200,000, haijui kwamba mkanda ulibadilishwa katikati. Atakayekuwa anaendesha siku hiyo akiona taa asome karatasi kwanza.

Kaka alishatafuta mnunuzi. Akaja bwana mmoja mtaratibu, akazunguka gari, akapiga teke tairi, akachungulia dashibodi. "Laki moja na sitini na tatu! Mwalimu, hii bado mbichi." Nikamwambia namba hizo zililala miaka, na hakuna mtu katika familia anayeweza kumwambia ni kilomita ngapi zilipita zikiwa zimelala. Akanitazama kwa muda. Akasema basi bei ishuke. Nikamtajia bei yangu, haikumpendeza, na jioni kaka akanipigia simu kulalamika kwamba nimeharibu biashara kwa mdomo.

Lakini yule bwana kabla hajaondoka aliuliza karatasi ile ni ya nini, nikamweleza habari ya waya. Akasema ana Corolla ya zamani nyumbani, mshale umelala mwaka wa pili sasa, je, naweza kwenda kumfungia waya, atanilipa? Nikamuuliza kama namba za kilomita zinahesabu.

"Zinahesabu vizuri tu."

Nikamwambia hela ya waya akae nayo.